Kilwa Kisiwani na Sisi Watu wa Nyanda za Juu



Ilipotangazwa kwamba nitazungumzia Kilwa Kisiwani hapa Iringa, mwalimu mmoja aliniuliza bila kuficha: sisi tunaolima mahindi, viazi na chai kwenye baridi hii, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kisiwa cha mkoa wa Lindi kinatuhusu nini? Swali lake ni la haki, na ndilo litakaloongoza maneno yangu leo. Vitabu vya shule vimetuzoesha kuiona historia ya Kilwa kama mali ya watu wa pwani: masultani, majahazi, misikiti ya mawe, Waarabu na Wareno. Bara hutajwa kwa mstari mmoja, kwamba huko ndiko zilikotoka dhahabu na pembe. Nani alichimba, nani aliwinda, nani alibeba mzigo begani hadi ufukweni, hatuambiwi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kilwa ilipanda kwa sababu watu wake walijua kazi ya kukaa kati ya bara na bahari na kuaminiwa na pande zote mbili. Ilianguka pale wakubwa wake walipoiacha kazi hiyo wakaanza kugombania mapato, na baadaye wakawauza hao hao waliokuwa wakiwalisha. Mizinga ya Wareno ilikuta mji umekwisha kugawanyika.

Tuanze na mahali penyewe. Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kilichojificha ndani ya ghuba, mkabala na Kilwa Masoko, na ukipanda boti huchukui muda kufika. Bandari yake ina kina na imekingwa dhidi ya mawimbi ya bahari kuu. Lakini bandari nzuri ziko nyingi katika pwani hii. Bahati ya Kilwa ilikuwa upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ikileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na India. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili na kuvirudisha makwao. Nahodha aliyetoka Aden na kaskazi aliweza kufika Kilwa, akauza, akapakia na kurejea na kusi ya mwaka uleule. Akiendelea kusini hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, msimu ulimwacha, akalazimika kungoja mwaka mwingine ugenini huku gharama za mabaharia zikimla. Kwa hiyo mzigo wa kusini ulihitaji mtu mwingine wa kuukusanya, kuuleta kaskazini na kuuhifadhi hadi mgeni afike. Watu wa Kilwa wakawa ndio hao. Mji mzima ulisimama juu ya hesabu hiyo ya miezi.

Vyombo walivyotumia katika safari za pwani vilikuwa vya mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma, na matanga ya mikeka. Wareno walipoviona walishangaa. Vilifaa, kwa sababu chombo kilichoshonwa kikigonga mwamba au kikipwelewa mchangani hulegea kidogo badala ya kupasuka, na fundi hukirekebisha papo hapo kwa vitu vinavyopatikana katika kila kijiji cha pwani.

Makazi ya kwanza kisiwani yalianza kati ya karne ya 8 na ya 9. Zilikuwa nyumba za miti na udongo, za wavuvi na wakulima waliojua kufua chuma. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba pale katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alikuta katika tabaka za chini kabisa vigae vingi vya vyungu vya wenyeji, na kati yake vichache vilivyotoka Ghuba ya Uajemi. Kumbe biashara ya mbali ilikuwapo tangu siku za udongo na makuti. Majumba ya mawe yaliikuta.

Wenyewe walikuwa na simulizi yao ya mwanzo. Tumeipata katika Tarikh ya Kilwa kwa njia mbili: nakala ya Kiarabu ambayo Sultan Barghash wa Zanzibar alimpa balozi wa Uingereza, John Kirk, mwaka 1877, na muhtasari wa mwandishi Mreno João de Barros uliochapishwa mwaka 1552. Inasimuliwa kwamba Ali bin al-Hasan, mwana wa mtawala wa Shiraz, alifika akakuta kisiwa kina mwenyewe, mkubwa mmoja wa bara. Akakinunua kwa nguo, kitambaa cha kutosha kukizungusha kisiwa chote. Mwenye kisiwa akaridhika, akahamia ng'ambo. Toleo la Kiarabu linaongeza kwamba baadaye alitaka kurudi na watu wake, na wageni wakauchimba mkondo ili maji yakupwapo asiweze kuvuka kwa miguu.

Nawaomba muitafakari simulizi hiyo mkiwa watu wa bara. Waandishi wa ikulu walitaka kumtukuza bwana wao, na bado walikiri kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe, na kwamba haki ya kukaa ilitokana na mapatano na malipo. Kisha wakaongeza habari ya kuchimba mkondo. Mapatano na hofu vimeandikwa katika ukurasa mmoja, na historia yote ya Kilwa iliyofuata inazunguka kati ya hayo mawili.

Kuhusu ubishi wa kwamba Kilwa ilijengwa na Waajemi au na Waafrika, naona umetula muda mwingi mno. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya karne ya 13 na ya 19, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa na Songo Mnara ikiwamo. Ulionesha kwamba damu za Afrika na Asia zilianza kuchanganyika kiasi cha mwaka 1000, kwamba upande wa Asia ulitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na kwamba upande wa Afrika ulitoka zaidi kwa wanawake. Wazee wa pwani waliosema babu zao walitoka Shiraz hawakuwa wakidanganya, na wanaosema mji ni wa Waafrika wamesema kweli pia. Bibi zao walikuwa wenyeji, wenye ardhi, wenye ukoo, na lugha iliyobaki midomoni mwa watoto ni lugha ya hao kina mama, ndugu ya Kihehe, Kibena na Kinyakyusa.

Sasa dhahabu. De Barros anasimulia kisa cha mvuvi wa Kilwa aliyenasa samaki mkubwa kuliko nguvu zake. Samaki akamburuta, mkondo wa bahari ukamchukua, na alipopata nchi kavu alikuwa Sofala. Huko akaona chombo cha Mogadishu kikibadilisha bidhaa kwa dhahabu. Alipofanikiwa kurudi alimweleza mtawala wake, naye akatuma watu wakapatane na wenyeji wa Sofala. Kiwe kisa cha kweli au cha kutungwa, kinaeleza jambo lililotokea: biashara ya dhahabu ya kusini iliwahi kuwa mikononi mwa Mogadishu, kisha Kilwa ikaishika.

Dhahabu yenyewe haikutoka Sofala. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe ya leo, ambako wanaume na wanawake waliingia katika mashimo membamba, wakachekecha mchanga wa mito, wakabeba vumbi la dhahabu hadi pwani. Katika magofu ya Great Zimbabwe imepatikana sarafu moja ya Sultan al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Tuitazame sarafu ya aina hiyo kwa karibu. Ni kipande chembamba cha shaba, kidogo sana mkononi. Upande mmoja lipo jina la sultani. Ukigeuza, yapo maneno kwamba anamtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno hayo yamechaguliwa yapatane kwa vina na jina la upande wa kwanza. Haina tarehe. Sarafu za namna hiyo zimeokotwa kwa maelfu Kilwa na visiwa vya jirani. Chache sana zimesafiri mbali. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota tano katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Lakini ile moja ya Great Zimbabwe ndiyo inayonigusa. Shaba hiyo haikuwa na thamani kubwa kule ilikokuwa dhahabu. Aliyeibeba mwendo wote ule hadi milimani aliibeba kwa sababu ilikuwa na maana kwake, au kwa mtu aliyempelekea.

Huyo al-Hasan bin Sulaiman alitawala nusu ya kwanza ya karne ya 14, na katika zama zake Kilwa ilifika kileleni. Alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, jumba la vyumba zaidi ya 100, lenye nyua, maghala na bwawa la kuogea la pembe nane. Aliupanua Msikiti Mkuu kwa nguzo, matao na makuba ambayo kwa karne kadhaa hayakuwa na mfano katika Afrika Mashariki. Mawe ya kuta yalitoka katika miamba ya pwani. Chokaa ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo. Mawe ya mihirabu na miimo ya milango yalikatwa katika matumbawe hai chini ya maji, yakachongwa yangali laini, kwani yakikauka huwa magumu. Dari za nyumba zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazina urefu mkubwa, vyumba vya pwani vikawa virefu na vyembamba. Ukiingia katika nyumba ya mawe ya Kilwa au Songo Mnara, mti ndio uliompangia fundi upana wa chumba.

Mikoko hiyo ina habari na sisi. Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji yake katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Ruaha Mdogo unapita hapa chini, Ipogolo. Yote huishia Rufiji, na Rufiji humwaga maji na udongo wake baharini kaskazini mwa Kilwa, katika delta yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti za pwani hii zilipakiwa majahazini hadi Arabuni, nchi isiyo na miti ya kujengea. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametetea hoja kwamba hata Rhapta, mji wa biashara uliotajwa na mabaharia wa Kigiriki katika karne ya 1, ulikuwa kando ya Rufiji. Mpunga wa Usangu na mikoko ya delta hunywa mto mmoja.

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri wa Morocco, Ibn Battuta. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri zaidi, na akausifu sana ukarimu wa sultani. Anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavaa nyingine, akampa. Mwanawe akaona haifai, akazikomboa nguo zile kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wakisifu, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki hutolewa kama ushahidi wa ukarimu, na mtoaji alikuwa mkarimu kweli. Lakini hesabuni kilichotolewa. Watu ishirini na pembe za tembo waliouawa bara. Ibn Battuta huyo huyo anasema kwamba sultani alikuwa akishambulia mara kwa mara nchi za watu wa bara, akichukua ngawira, na sehemu ya tano ya ngawira akaitenga kwa matumizi yaliyoamriwa na dini. Yaani katika siku za fahari kubwa kabisa, wakati makuba yanapakwa chokaa, mapatano ya ile nguo iliyokizungusha kisiwa yalikuwa yamekwisha kuvunjwa. Mimi nahesabu mwanzo wa anguko hapo. Wengine huuhesabu kuanzia 1498, Vasco da Gama alipofika pwani hii mara ya kwanza, nami siafikiani nao.

Na huku kwetu je? Miaka ileile, watu walikuwa kazini Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, sehemu iliyokuwa mkoa wa Mbeya na tangu 2016 ni ya mkoa wa Songwe. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba pale katika miaka ya 1960 na kukuta kwamba chumvi ilikuwa ikipikwa Ivuna tangu karne ya 13 hadi ya 15, yaani tangu kupanda kwa Kilwa hadi kutetereka kwake. Kazi yenyewe wazee wa Rukwa wanaijua. Unakusanya udongo wenye chumvi karibu na chemchemi, unaupitishia maji kwenye chujio, kisha maji yale unayachemsha kwenye vyungu hadi yakauke na chumvi ibaki chini. Kuni nyingi, moshi mwingi, macho mekundu. Wanahistoria wa biashara ya bara wameonesha kwamba chumvi na chuma ndivyo vilivyowakutanisha majirani na kufungua njia za miguu muda mrefu kabla ya misafara ya pembe. Mtu anayekula mtama na maharage anahitaji chumvi, na haipatikani kila mahali. Mpika chumvi wa Ivuna hakujua kwamba kuna sultani. Hata hivyo alikuwa akishona upande wake wa mtandao uleule wa biashara, na mtandao huo ungekuwapo hata sultani asingekuwapo. Kinyume chake hakikuwezekana, kama yaliyofuata yalivyoonesha.

Yaliyofuata ni haya. Husuni Kubwa ilihamwa kabla haijakamilika. Msikiti Mkuu uliporomoka, ukakaa gofu miaka mingi, ukatengenezwa upya karne ya 15. Karne hiyo hiyo mji wa Songo Mnara ulistawi kwenye kisiwa cha jirani, ukiwa na majengo zaidi ya arobaini ya nyumba na misikiti sita, na vyombo vya China vilikuwa bado vinaingia. Kwa macho ya mgeni mambo yalikuwa mazuri. Ndani hayakuwa hivyo. Tarikh inaeleza jinsi madaraka yalivyotoka mikononi mwa masultani na kuingia kwa mawaziri na maamiri, waliomweka leo huyu na kumwondoa kesho. Koo kubwa zilipigana juu ya nani apokee ushuru. Huko kusini Great Zimbabwe ilikuwa imefifia, dola ya Mutapa imeinuka kaskazini zaidi, na wafanyabiashara walikuwa wakitafuta njia nyingine za kuingia bara kupitia Zambezi na Angoche, pasipo kupita mikononi mwa Kilwa. Hali ilidai viongozi wa kusafiri, kupatana upya na kujenga upya uaminifu. Kilwa haikuwa nao; wake walikuwa wakitiliana sumu ya maneno barazani.

Mwaka 1500 Pedro Álvares Cabral alitia nanga Kilwa. Aliyekuwa akitawala ni Amiri Ibrahim, aliyekuwa amemwondoa Sultan Fudail, na wengi mjini hawakumtambua. Julai 1502 Vasco da Gama alirudi na merikebu za vita, akamtishia Ibrahim kumkamata na kuuchoma mji asipokubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Akalipa mithkali 1,500 za dhahabu. Dhahabu hiyo ipo hadi leo. Mwaka 1506 ilifanywa kuwa chombo cha kuoneshea Ekaristi, na sasa kimewekwa katika jumba la makumbusho la sanaa za kale Lisbon, kinajulikana kwa jina la Belém. Ni kazi ya ustadi wa ajabu: mitume kumi na wawili wamepiga magoti duara, kila mmoja na sura yake, na juu yao minara midogo kama ya kanisa. Watalii wanakipiga picha kila siku. Dhahabu ile ilichimbwa na watu wa nyanda za juu, ikabebwa na watu wa bonde, ikavushwa na mabaharia wa vyombo vya kushonwa. Siyajui maandishi yoyote mengine ya uchumi wa Kilwa yaliyo wazi kuliko kifaa hicho.

Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, askari wake wakapora nyumba kwa nyumba, na akaanza kujenga ngome. Ibrahim alikimbilia bara. Almeida alimtawaza Muhammad Ankoni, mmoja wa wakubwa wa mji waliokuwa wakipingana na Ibrahim. Mwaka uliofuata Ankoni aliuawa, na ugomvi ukaendelea kama kwamba hapakuwa na jeshi la kigeni mlangoni. Mwaka 1512 Wareno wenyewe waliondoka, kwa kuwa waliona mji hauna tena faida: biashara waliyokuja kuiteka ilikuwa imewaponyoka kwa njia za pembeni. Mwaka 1587, kwa maelezo ya mtawa Mreno João dos Santos, Wazimba kutoka upande wa Zambezi waliingia kisiwani baada ya mkazi mmoja kuwaonesha njia ya kuvuka maji yakiwa yamekupwa. Ule mkondo wa simulizi ya kwanza haukuwazuia.

Kilwa haikufa siku hiyo, na hili nataka vijana walisikie vizuri, maana hapa ndipo tunapoingia sisi. Mwaka 1616 Mreno Gaspar Bocarro alitembea kwa miguu kutoka Tete, akapita nchi za karibu na Ziwa Nyasa, akavuka Ruvuma na kutokea Kilwa. Njia ilikuwapo, na Wayao waliifanya kuwa njia kuu ya pembe. Karne ya 18 kisiwa kilipata pumzi mpya. Lakini tarehe 14 Septemba 1776 Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice: kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Mauritius na Réunion. Watu hao walitoka bara. Mji uliojengwa kwa kuaminiwa na bara ukaandika kwa mkono wake kwamba bara ni bidhaa. Waomani waliushika katika miaka ya 1780, sultani wa mwisho akahamishiwa Muscat katika miaka ya 1840, na biashara ikahamia Kilwa Kivinje, kwenye nchi kavu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ndiyo iliyokuwa mdomo mkubwa wa watumwa katika pwani hii yote, wengi wao wakitoka pande za Ziwa Nyasa.

Wala tusijitoe katika hesabu hiyo. Merere wa Usangu aliuza pembe kwa wafanyabiashara wa pwani na kupokea bunduki. Munyigumba na mwanawe Mkwawa walijenga dola ya Uhehe katika zama za misafara, na kudhibiti njia kulikuwa sehemu ya nguvu zao. Wajerumani walipowavamia Wahehe na kupigwa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, mojawapo ya sababu za vita ilikuwa ni nani atawale njia hizo. Kulikuwa na watekaji huku milimani, na kulikuwa na vijiji vilivyotekwa, na wajukuu wa wote wawili wamo ukumbini humu. Nalisema hili kwa heshima, kwa sababu historia inayomlaumu mtu wa pwani peke yake ni nusu ya historia.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa ikizila kuta na uangalizi ulikuwa haba. Baada ya kazi ya miaka kumi, yenye mafundi wa kisiwani wenyewe, yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Ni ushindi mkubwa wa Watanzania na haukusherehekewa inavyostahili.

Ivuna haina uzio wala jumba la wageni. Wanafunzi wengi wa Mbeya wamesikia jina hilo kwa sababu ya kimondo kilichoanguka huko mwaka 1938, na hawajasikia habari ya chumvi. Hatuwezi kuilaumu pwani kwamba imetuacha nje ya historia ilhali ushahidi wetu tunaulima kwa trekta. Reli ya TAZARA na barabara ya Tunduma hadi Dar es Salaam zinapita katikati ya nchi zetu, na kila usiku shaba ya Zambia na ya Kongo inateremka Kitonga ikielekea bandarini. Bandari ile inaishi kwa njia hii, kama Kilwa ilivyoishi kwa njia zake. Watoto wetu wana haki ya kujua kwamba hali hiyo haikuanza na lami.

Ombi langu basi ni kwa walimu wa historia, wakulima na wajenzi. Ninyi walimu, mkipata nauli ya safari moja tu ya masomo kwa mwaka, ipelekeni zamu kwa zamu Ivuna na Kilwa, na mfundishe vituo hivyo viwili pamoja. Ninyi mnaolima na kuchimba misingi ya nyumba, mkikuta shanga za kioo, vigae vyenye nakshi, mabomba ya tanuri la chuma au sarafu, acheni kuchimba mahali hapo, wekeni alama, na mtoe taarifa kwa ofisa utamaduni wa wilaya au kwa Makumbusho ya Iringa Boma. Vitu hivyo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuvitoa ardhini bila utaratibu kunafuta nusu ya habari zake. Na wazee ambao mama au bibi zenu walipika chumvi Rukwa, au waliwahi kusimulia habari za misafara, tafadhalini waiteni wajukuu wenye simu wawarekodi mwaka huu.